Kura Kumi na Tisa za Klein Dreblow

Siku ya uchaguzi Gudrun Tessnow hakuweza kutulia. Kabla kituo hakijafunguliwa alikuwa ameshafagia jengo la zimamoto, walimopigia kura, mara mbili, akapanga viti, akavipangua, akavipanga upya. Jirani yake Ingolf, aliyesimamia uchaguzi pamoja naye miaka thelathini, alimtazama huku akinywa kahawa.

"Gudrun, hebu keti. Wapiga kura wenyewe tisini na wawili, na nusu yao bado wamelala."

"Keti wewe. Mimi nina miguu."

Jimbo lao la uchaguzi nalo halikujua kutulia. Nchi mbili za Wajerumani zilipoungana, kijiji chao, Klein Dreblow, kiliwekwa jimbo moja na miji ya maziwani, kaskazini. Vijana wakahamia magharibi kutafuta kazi, watu wakapungua, mipaka ikachorwa upya, kijiji kikatupwa jimbo la kusini. Baadaye kikatupwa tena, mashariki. Hakuna nyumba iliyosogea hata shubiri, lakini wabunge walibadilika kiasi kwamba Ingolf aliwachanganya majina. Na sasa barua ilikuwa imefika: kituo chao kinafungwa. Uchaguzi ujao watakwenda kupiga kura Groß Dreblow, umbali wa kilomita nane.

Saa kumi na mbili jioni milango ilifungwa, wakamwaga karatasi za kura mezani. Pamoja nao alikuwepo Wiebke Harms, binti wa marehemu dereva wa trekta wa kijiji. Walihesabu mara mbili, hesabu ikalingana.

"Mara ya tatu," Gudrun akasema.

"Zimelingana, Bi Gudrun. Ya tatu ya nini?" Wiebke akauliza.

Gudrun alizisawazisha karatasi ambazo tayari zilikuwa sawa. Kisha akalitoa la moyoni, bila kumtazama mtu. Mei mwaka themanini na tisa, kabla ukuta wa Berlin haujaanguka, orodha ya wagombea ilikuwa moja tu, na aliyeikataa alipaswa kufuta kila jina kwa mstari. Yeye alihesabu kwa mikono yake kura kumi na tisa za hapana. Kesho yake tangazo ubaoni likasema mbili.

"Nilikuwa karani wa ushirika, nina watoto wawili. Nikanyamaza."

Ingolf aliinamia kikombe chake.

"Baba alikuwa mmoja wa hao kumi na tisa," Wiebke akasema. "Alikwenda na rula, asiache jina hata moja. Alikungoja useme."

"Alijua nilihesabu mimi?"

"Nani hakujua?"

Gudrun akatafuta kiti kwa mkono, akaketi. Wiebke akazivuta karatasi kwake. "Haya. Tuhesabu ya tatu."

Asubuhi Gudrun alikwenda kwa baiskeli hadi kwa Irmtraud, mama yake Wiebke. Mara mbili alifika langoni akageuza. Mara ya tatu akaingia. Mjane alikuwa juu ya ngazi, anachuma matunda ya plamu.

"Wiebke ameniambia," Irmtraud akasema. "Umechelewa. Mume wangu ana miaka sita kaburini."

"Najua. Nimekuja kukwambia wewe."

"Basi shika ngazi, inayumba."

Akaishika. Aliongea kwa vipande, akikatiza, akirudia, mpaka ndoo ya pili ikajaa. Irmtraud hakusema amemsamehe. Alishuka, akaihamishia ngazi kwenye mti wa pili, akangoja Gudrun aje kuishika tena.