Chupa ya Tatu

Mimi si mtu wa kukaa. Hata kwenye maabara ya hospitali ninapofanya kazi, huku Westlands, wenzangu wamezoea kuniona nikizunguka kati ya meza na dirisha. Siku ile nilizunguka mpaka mwenzangu wa zamu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilikuwa nikingoja maji ya mgongo ya mtoto wa mdogo wangu. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, akiangusha masufuria nyumba nzima kule Kabiria. Kisha homa ikampanda, shingo ikakakamaa. Daktari alishuku homa ya uti wa mgongo, na njia ya kuijua ni kuingiza sindano kiunoni na kukinga maji, tone kwa tone, katika chupa tatu ndogo.

Mdogo wangu alikataa katakata. Mtoto wa jirani yake alidungwa mgongo na hadi leo hatembei. Nilimweleza kwamba yule alilemazwa na ugonjwa uliocheleweshewa dawa, na kwamba sindano huingia chini kabisa, mahali ambapo ile neva kuu ya ndani ya uti imeshaisha. Nilieleza kwa ukali, maana hofu ikinishika hutoka mdomoni ikiwa hasira.

"Sawa, wamdunge," akasema mwishowe. "Lakini huyu mtoto akikosa kutembea, utambeba wewe. Nitamleta kwako."

Chupa zikaletwa. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nikairudisha mezani haraka. Nimewafundisha wanagenzi mara nyingi kwamba sindano ikigusa mshipa mdogo njiani, damu huingia chupa ya kwanza kisha husafika. Ikiwa imevuja kichwani, zote tatu huwa nyekundu sawasawa. Siku hiyo kujua hakukunisaidia. Nikainua ya pili: ilikuwa waridi hafifu. Ya tatu nikaishika mbele ya gazeti. Damu haikuwapo, lakini herufi zilionekana kwa ukungu, kana kwamba nazisoma kupitia maji yaliyooshewa mchele. Maji ya mtu mwenye afya huwa angavu, unasoma bila shida.

Sikuyaamini macho yangu. Nilimwomba mwenzangu ahesabu seli nyeupe, zile zinazoongezeka penye maambukizi.

"Ni nyingi," akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye hadubini. "Pole, dadangu."

Nikapiga simu wodini. Dawa walikuwa wameianza mara tu sindano ilipotoka. Sasa walijua wanapigana na nini.

Siku zilizofuata nilipanda na kushuka ngazi za wodi bila sababu. Mdogo wangu alinipa mgongo. Alikaa akimtekenya mtoto nyayo, akingoja zisogee, na mtoto alilala tu. Niliichukia ile sindano niliyoitetea, nikauchukia na mdomo wangu. Usiku nyumbani nilijiona nikimbeba mgongoni, akiwa mkubwa, miguu yake ikining'inia hadi magotini pangu.

Asubuhi moja nikamkuta amefumbua macho. Niliinama kumgusa paji. Nadhani aliliona koti langu jeupe akajua nimeleta sindano nyingine, kwa sababu alinirushia teke likanipata mdomoni barabara. Nilionja damu.

Mdogo wangu aliinuka. Akaifunua ile miguu, akaiangalia yote miwili, machozi yakimtoka.

"Mpige anti tena," akamwambia mtoto.