Kura ya Ziwa

Utaratibu wetu wa kuchagua ziwa ulikuwa umekwisha kukomaa kabla mimi sijajiunga na kundi. Tulikuwa watu wa Afrika Mashariki tuishio Guangzhou, wengi wafanyabiashara wa nguo na simu, wachache watu wa vyuo kama mimi. Mara moja kwa mwaka, joto lilipopungua, tulishindana kuvua besi, samaki wa maji baridi mwenye kinywa kipana, ambaye Wachina humfuga kwa wingi na ambaye wenzetu wa kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa kukumbuka kwao, walimwita sangara mdogo. Aliyeshinda mwaka uliotangulia ndiye aliyechagua ziwa, na neno lake halikujadiliwa. Kura ilipigwa katika hali moja tu: mshindi akiwa amekufa, au amerejea nyumbani moja kwa moja, jambo ambalo katika mji huu wa wapitaji halikutofautiana sana na kifo.

Mshindi tuliyekuwa naye alikuwa mzee wa Mwanza, mnunuzi wa nguo za watoto, aliyeyajua maghorofa ya Zhanqian Road kuliko wenye maduka. Katika mwaka ule figo zake ziliacha kazi. Kila baada ya siku moja alilazwa kando ya mashine ya hospitali isafishe damu yake. Siku za katikati alikuwa sokoni, amekalia kiti cha plastiki alichobebewa na mkewe, akipapasa kitambaa na kukataa bei. Hakuruhusu ugonjwa utajwe mbele yake. Ziwa alikwisha kulitaja: bwawa kubwa la milimani, kaskazini, lisilokingwa kwa saruji, ambako safari ya kwenda, kuvua na kurudi hula siku mbili. Siku mbili mfululizo, kwa mtu wa hali yake, maana yake ni kuikosa mashine.

Jioni ya mkutano mkewe alisimama kwenye ngazi za mgahawa wetu, karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, akatukamata mmoja baada ya mwingine tulipokuwa tukipanda.

“Shemeji,” aliniambia, “huko mlimani atakwenda. Namjua. Atakwenda akitambaa. Semeni mnataka kidimbwi cha karibu, avue, arudi, alale kwenye mashine yake. La sivyo nitaletewa maiti.”

Nilimwahidi. Baadaye nilitambua kwamba wote tulikuwa tumemwahidi.

Chini, wapagazi walikuwa wakifunga marobota, na mlio wa utepe ukivutwa ulitufikia mezani. Mzee aliketi kwenye kichwa cha meza, nyuso zetu zote zikimwelekea, vifundo vya miguu vimemvimba juu ya viatu.

“Mwaka huu mlimani,” alisema. “Nani ana gari?”

Kisha Mkenya mmoja, muuza simu, mtu wa mzaha tangu asubuhi hadi usiku, akajipa moyo.

“Mzee wetu, si twende tu pale kwa vidimbwi vya kulipia? Samaki wanaletwa na lori asubuhi, wamechoka na safari. Hata Daktari hapa anaweza kushika mmoja.”

Watu walicheka, nami pia, maana Daktari ni mimi, kwa shahada ya chuo tu, na sikuwa nimewahi kupata samaki.

“Lile si ziwa, ni sufuria,” mzee alijibu. “Mtu wa samaki wa sufuria na aende kwa mpishi.”

“Na mlimani je? Last year ilikuwa meiyou chai, meiyou moto, meiyou kila kitu,” alisema Mkenya, kwa neno la Wachina la kusema hakuna.

“Wewe ulirudi na mafua. Mimi nilirudi na samaki.”

Kicheko kiliinuka tena, kikafa haraka kuliko kilivyostahili. Mkewe, aliyeketi karibu na mlango, alinitazama. Nikasema kwamba huenda mwaka huu ingefaa kusikiliza rai ya kila mmoja.

“Basi tupige kura, iishe,” alisema Mkenya. “Vidimbwi, mikono juu!”

Mikono iliinuka yote kwa pamoja, kwa upendo na kwa haraka, kama ya watoto waliofundishwa jibu. Mzee aliitazama polepole, akianzia kushoto. Alipoufikia wangu alisita.

“Nimekufa lini?” aliuliza.

“Mzee, usiseme hivyo. Ni kura tu.”

“Nauliza, kwa sababu kura nazijua. Yule mwenye duka la mikoba, tulipompeleka uwanja wa ndege ndani ya sanduku, mimi ndiye niliyeitisha kura juu ya ziwa lake. Sasa mimi naketi hapa nanyi, ninapumua, mnanipigia kura. Niambieni tarehe, nimjulishe mama huyu.”

Kila mmoja wetu alikuja akiifikiria mashine, na hakuna hata mmoja aliyeifikiria kanuni, ingawa sote tuliijua kwa moyo. Mikono ilishuka kwa zamu, ikitafuta mahali pa kujificha. Mzee aliishika meza, akasimama. Mkewe alitaka kumshika kiwiko; akauondoa mkono wake bila ukali, akatangulia kushuka ngazi.

Siku iliyofuata mimi na Mkenya tulimwendea sokoni. Tulimwambia kura ile imefutwa, achague atakapo, hata mlimani.

“Ziwa mmekwisha kulichagua ninyi,” alisema, akaendelea kuvigeuza visuruali vya watoto, akikagua mishono yake. “Na wewe laoban,” alimwambia Mkenya kwa neno la soko la kumwita tajiri, “unaniziba mwanga.”

Mashindano yalifanyika kwenye vidimbwi, siku ya Jumapili. Hakuja. Baada ya hapo aliacha kwenda hospitali. Hakusema sababu, na mkewe hakuweza kumlazimisha. Alifariki kabla ya mwaka mpya wa Kichina, akasafirishwa Mwanza, na mwaka uliofuata hapakuwa na mashindano, maana hakuna aliyetaka kuchagua ziwa wala kuitisha kura.