Nilimzima Rafiki Yangu Kwenye Mitambo, Sasa Binti Yake Anataka Kaseti

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana wenzangu wa zamani wako humu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, naishi Homa Bay, nina mke na wajukuu wawili. Hata mke wangu hayajui haya.

Miaka ya tisini tulikuwa na bendi ya watu wanne. Watu waliuita muziki wetu wa wazimu: jazz isiyoandikwa popote, kila mtu anapiga kinachomjia, nusu saa bila kusimama. Mimi sikupiga chombo. Nilikaa kwenye mixer, mtambo wa kuchanganya sauti, kufanya dub, yaani kurusha mwangwi, kuzima gitaa ghafla, kubakiza besi na ngoma. Sheria yetu ilikuwa moja: fundi akizima chombo chako, huulizi.

Rafiki yangu, nitamwita Okelo, alipuliza saksafoni mpaka akina mama wa samaki wanasimama mlangoni na beseni kichwani. Ni jina lake tu lililoitwa. Langu nani alilijua? Wivu ukaniingia, nasema wazi.

Mchana mmoja mgeni akatoka Nairobi kuja kutusikiliza, aamue kama tutaenda kupiga huko. Kila Okelo alipoanza kunoga, nilimzima. Yeye jukwaani aliisikia saksafoni yake vizuri, mashavu yamejaa, jasho linamtoka. Kwenye spika zilizomwelekea mgeni, besi na ngoma zimemfunika, yeye hasikiki. Mgeni akasema huyu wa saksafoni hana pumzi, akaondoka bila kutuchukua. Wenzetu wakamlaumu Okelo. Akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, kwani leo nimekosea wapi?"

Nikamjibu, "Labda umechoka tu, omera."

Alirudi kwao Mbita, akauza saksafoni, akaanza biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Hakupiga tena. Kila nilipopita huko alinifungia omena nipeleke nyumbani, na mimi nilipokea na kula. Aibu gani hii jamani!

Mwezi uliopita tulimzika. Binti yake akanifuata matangani: "Baba mdogo, baba alisema wewe ndiye ulikuwa unarekodi. Mimi sijawahi kumsikia akipiga hata siku moja. Nipatie tu hiyo kaseti."

Kaseti ninayo, na ni ya siku ile ile ya mgeni, niliyorekodi kutoka kwenye mixer. Hatukurekodi nyingine. Babake anasikika vizuri mara moja tu, pumzi moja ndefu, halafu mkono wangu unamzima.

Nikimpa na kunyamaza, ataamini babake hakuweza. Nikisema ukweli, nitamwangaliaje? Anakuja Jumapili, na amesema ameazima redio ya kaseti ili tusikilize pamoja. Ndugu zangu, mngekuwa mimi, mngemwambia nini kabla hajabonyeza?