Skafu Kwenye Geti la Mtani

Kwa miaka minane, kila mara timu yangu ilipoifunga timu ya jirani yangu, nilitoka nje Jumapili asubuhi na mapema, kabla mtaa wetu wa Erdington, jijini Birmingham, haujaamka, nikaifunga skafu yangu ya rangi ya chungwa kwenye geti lake. Na kila mara timu yake ilipoifunga yangu, nilipofungua pazia niliiona skafu yake ya buluu nzito ikining'inia kwenye geti langu, imekazwa kwa fundo la mtu aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote. Sheria zilikuwa tatu. Aliyeshindwa hakuruhusiwa kuiondoa kabla ya jua kuchwa, na ilimpasa aifungue mwenyewe. Wala hakuruhusiwa kukasirika. Akikasirika, ameshindwa mara mbili.

Jirani yangu ni mzee wa Kiskoti aliyefiwa na mkewe. Alikuja Birmingham akiwa kijana, akafanya kazi katika kiwanda cha magari hadi alipostaafu. Alizaliwa katika mji wa mashariki ya Uskoti ambako mimi, miaka mingi baada yake, nilikaa miaka minne nikisoma. Mji ule una vilabu viwili, na viwanja vyao viko kwenye barabara moja. Ukisimama mbele ya lango la kimoja unaliona lango la kingine, na mtu mwenye mapafu mazuri anaweza kumtukana hasimu wake bila kuhama mahali aliposimama.

Sikuichagua timu yangu. Mama aliyenipangisha chumba alinitazama Jumamosi yangu ya kwanza nikitetemeka kwa baridi mlangoni, akaniletea skafu ya marehemu mumewe. "Vaa hii," akaniambia, "na ukiulizwa habari za wale wa mlango wa pili, sema huwajui." Nikaivaa, nikapanda kilima pamoja na umati. Niliyoyaona siku ile sijayasahau. Baba na binti yake, yeye amevaa buluu na binti amevaa chungwa, walipanda wakila chipsi kutoka mfuko mmoja. Wakaagana penye lango la kwanza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na baada ya mechi nikawaona wakishuka pamoja, binti ameushika mkono wa baba yake kwa sababu barabara ilikuwa na barafu.

Kwa miaka yote niliyoishi katika nchi hii nimesikia watu wakiusema vibaya ushindani wa soka wa Waskoti. Sikatai kwamba zipo sehemu ambako wamekubali chuki za madhehebu ziingie uwanjani zimevaa jezi, na hilo ni doa ambalo wimbo wala kombe haliwezi kulifuta. Lakini katika mji ule niliona jambo lingine. Niliona watu waliojua namna ya kupingana kwa moyo wote bila kuachana, na hiyo ni elimu ambayo mataifa makubwa hayana. Nasema haya nikiwa si mtu wa katikati. Timu yangu ni bora. Wao wamezaliwa kabla yetu na hawachoki kutukumbusha umri wao. Sisi tunacheza mpira.

Tulipohamia Erdington, mke wangu aliifua ile skafu na kuianika uani. Hazikupita dakika kumi, sauti ikatoka upande wa pili wa uzio.

"Nani ameanika tambara hilo mbele ya macho ya mtu mstaarabu?"

Nikachungulia. Mzee mwenye kofia alikuwa amesimama na kikombe cha chai, skafu ya buluu shingoni, na hali ilikuwa siku ya joto.

"Tambara lipi, mzee?" nikamjibu. "Hilo linalokunyonga?"

Jioni ile nilikuwa jikoni kwake. Nikamweleza kwamba kwetu Tanzania, timu mbili kubwa za Dar es Salaam hatuziiti maadui. Tunaziita watani wa jadi. Akataka kujua mtani ni nani. Nikamwambia kwamba mimi ni Mnyamwezi na mke wangu ni Mzaramo, na kwamba watu wa makabila yetu wametaniana tangu enzi za mababu. Nikamsimulia siku tuliyomzika baba yangu Tabora, jinsi mtani wake alivyojilaza kizingitini akalizuia jeneza lisitoke, akipiga kelele kwamba marehemu alikuwa mchoyo na hataruhusiwa kwenda kokote mpaka alipe. Sisi tuliokuwa tunalia tukajikuta tunacheka. Kisha mtu yuleyule akavua shati, akachukua jembe, akawa wa mwisho kutoka kaburini.

"Mtani," nikamalizia, "ni mtu mwenye haki ya kukutukana hadharani na wajibu wa kukuzika."

Mzee akakizungusha kikombe chake mezani. "Basi wewe ni mtani wangu," akasema. Neno lilitoka kwa lafudhi yake ya kwao, lakini lilitoka zima. "Ila mimi ndiye nitakayekuzika wewe. Watu wa timu yako hawana pumzi."

Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina jingine, wala mimi sikumwita vingine. Nyumba zetu zinashirikiana ukuta mmoja. Timu yake ilipofunga bao aliugonga ukuta kwa fimbo yake. Yangu ilipofunga, niliugonga kwa mwiko wa ugali.

Mwaka huu, kuelekea mwisho wa baridi, moyo wake ulimwangusha. Alilazwa hospitali wiki mbili, akarudi amepungua nusu. Binti yake, anayeishi Kingstanding, alikihamishia kitanda chake sebuleni, karibu na dirisha linaloelekea geti, akawa anakuja kila siku kumhudumia. Alhamisi moja alinisubiri nje.

"Jirani, nina ombi," akasema. "Jumamosi timu zenu zinakutana. Mkishinda, tafadhali, yale mambo ya skafu yaache. Daktari amesema asishtuliwe na lolote."

Nilimwahidi mara moja. Nakiri kwamba niliingia ndani nikijisikia mtu mwema sana.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. "Umemwahidi nini?"

Nikamweleza.

"Baba watoto, kwetu mtani hutaniwa hata akiwa maiti. Wewe unamnyima utani mtu mzima, anapumua?"

"Hapa ni Uingereza," nikasema.

"Uingereza hiyo ni yako na huyo dada. Yule mzee ni wetu."

Sikumsikiliza. Jumamosi tuliwafunga tatu bila. Nilisikiliza redio kwa sauti ya chini, na mabao yote matatu niliyapokea nimekaa, mwiko ukiwa kabatini. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya vilevile.

Asubuhi ya Jumapili skafu yangu ilibaki kwenye msumari wake. Saa nne nikabeba bakuli la supu ya kuku ambayo mke wangu aliipika kwa shingo upande, akisema supu yenyewe haina kosa. Binti akanifungulia mlango. Nilimkuta mzee ameketi kitandani, amenyolewa ndevu, amechanwa nywele, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nilidhani anatarajia mchungaji.

"Mzee wangu, umeamkaje?" nikaanza, kwa ile sauti laini ambayo watu huitumia hospitalini. "Mechi ya jana ilikuwa bahati tu. Vijana wenu walicheza vizuri."

Hakunitazama. Alitazama dirishani.

"Tatu bila," akasema. "Redio ninayo."

Nikaiweka supu mezani.

"Nimeamka saa kumi na mbili," akaendelea. "Nikamwambia binti yangu aninyoe. Mtu hapokei skafu ya chungwa akiwa na ndevu za wiki tatu. Nimekaa hapa saa nne nzima nikitazama geti tupu. Na jana, mabao matatu, ukuta haukugongwa hata mara moja. Nilidhani umepatwa na jambo."

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema nina moyo mbovu. Hakusema nimekufa. Wa kwanza kunitangaza ni wewe." Akavuta pumzi, na ilimchukua muda. "Na mimi siitwi mzee wangu."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilitoka bila kuaga.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu huruma, na nimewafundisha historia watoto wa watu kwa miaka ishirini nikiwaonya dhidi ya ukatili. Sikuwahi kuwaonya dhidi ya kosa hili nililolifanya mimi: kumwondolea mtu haki ya kushindwa. Yule mzee alikuwa amepoteza nguvu zake, ngazi za nyumba yake na nusu ya pumzi yake. Kilichokuwa kimebaki mikononi mwake ni nafasi yake ya kuwa mpinzani wangu. Nilikuwa nimeichukua kwa ulaini, pamoja na supu.

Nilipoingia jikoni, skafu ilikuwa mezani, imekunjwa. "Nimeipiga pasi," mke wangu akasema, bila kugeuka.

Ilikuwa inakaribia saa tano. Mtaa ulikuwa umejaa watu: wengine wanatoka kanisani, wengine wanaelekea dukani, na wote waliniona mwalimu mzima nikiinama getini kwa jirani nikifunga fundo juu ya fundo. Kisha nikasimama chini ya dirisha lake.

"Mtani! Tatu bila! Yule golikipa wenu alikuja kutembea? Mngetuarifu tungempelekea kiti!"

Kioo kikagongwa kwa fimbo. Dirisha likasukumwa, upenyo wa vidole viwili.

"Umechelewa!" Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilifika ng'ambo ya barabara. "Na hilo fundo gani? Fundo la mshika chaki! Hata mbuzi angelifungua!"

"Mbuzi wenu wote walikuwa uwanjani jana, wamevaa buluu!"

Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikaendelea mpaka nami nikaogopa. Binti akatoka nje, amekaza uso. Nilisimama nikisubiri kukemewa, maana nilikuwa nimeivunja ahadi yangu mbele ya mtaa mzima. Akaitazama skafu, akageuka kulitazama dirisha ambako baba yake alikuwa bado anaitukana safu yetu ya ulinzi.

"Amemaliza supu yote," akasema. "Jua linakuchwa saa ngapi leo?"

Nikamwambia: muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili. Nikaongeza kwamba anaweza kuifungua yeye kwa niaba ya baba yake. Sheria ingeweza kulegezwa.

"Mwambie yeye," akajibu.

Sikuthubutu kumwambia.

Jioni simu yangu ikaadhini Magharibi mfukoni nikiwa tayari getini. Mlango wao ukafunguliwa. Akatoka akiegemea bega la binti yake, koti juu ya shati lile jeupe. Kutoka mlangoni hadi getini ni hatua nane. Alipumzika mara mbili. Fundo la kwanza lilimchukua muda mrefu, la pili zaidi. Binti alinyoosha mkono kusaidia, mzee akaukwepa. Mimi niliiweka mikono yangu nyuma, nikamwambia kwamba timu yake nayo huwa inachelewa hivyohivyo kuutoa mpira golini.

Skafu ikafunguka. Nikanyoosha mkono nipokee. Akaikunja polepole, akaiingiza ndani ya koti lake.

"Naifua kwanza, mtani," akasema. "Simrudishii mtu tambara chafu."