Ushuhuda wa Kavira na Vidonge Vyake

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Oicha, mashariki mwa Kongo, nilivaa blauzi nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili nikaenda kujionyesha kwa Titilere. Ndivyo tulivyomwita muuguzi mkuu wa kituo cha afya, mwenye funguo zote na neno la mwisho. Asubuhi hiyohiyo familia moja ilipita mlangoni kwetu ikimwongoza baba mmoja aliyefungwa kamba mikononi, akizungumza na watu tusiowaona. Nilitoka mbio kuwapokea. Hawakusimama hata kunisalimu.

“Baache, Mama,” Titilere akaniambia. “Hapa tunatunzaka mwili. Bale ba kichwa banaendaka kwa ba pasteur.”

“Na kama ba pasteur banashindwa?”

“Njo banarudilia maombi.”

Hakuwa na dhihaka, na hilo ndilo lililonikasirisha siku nzima. Mimi nilikuwa nimesomea ugonjwa wa akili hasa, kumbe wagonjwa wangu wote walikuwa kanisani! Nikajiambia kwamba kama hawaji kwangu, nitawafuata. Mimi ni Mnande, na kabila letu halikunji mikono.

Kisha nikahamishiwa Beni, chini ya Daktari Mkuu wa Zone, yaani wilaya ya afya, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Wakati huo watu wa vijijini walikuwa wamekimbilia mjini kwa sababu ya vita, na hofu zao zilikuja nao. Makanisa mengi yalikuwa na chumba cha maombi, yaani nyumba ndogo nyuma ya kanisa ambamo mgonjwa hukaa na waombezi, wakifunga na kukesha naye. Nisiwaseme vibaya wote. Wengi wa waombezi wale walimwosha mtu ambaye ndugu zake walikuwa wamemkimbia. Lakini wengine walimnyima chakula mgonjwa aliyekuwa mifupa mitupu tayari, na wakamnyang'anya vidonge. Nilipomwambia Daktari kwamba nataka kwenda kugombana nao, aliweka kikombe chini.

“Mama, usigombane na kanisa. Kanisa iko na ma banc mingi kuliko hospitali yetu yote. Ingia, ukae kwa banc moja.”

Nikaingia, nikakaa kwenye benchi. Ushauri ule ulinifaa kuliko vitabu vingi.

Baadaye nikapelekwa Butembo, na huko ndiko nilikokutana na Kavira. Alikuwa mama wa mtaa wa Vulamba, muuza maharage, na soprano katika kwaya ya kanisa ninamosali mimi mwenyewe. Alisikia sauti kichwani. Alikubali vidonge, akatulia, akarudi sokoni na kwaya. Aliniambia kwamba akiimba na wenzake sauti zile hunyamaza. Kwake nafasi ile kwenye banc ya kwaya ilikuwa ndiyo maisha.

Sasa, kwetu aliyetendewa jema husimama kutoa ushuhuda. Anasema, “Nimepona,” kanisa linalipuka kwa nyimbo, akina mama wanamfunika vitenge na kumchezesha hadi mlangoni. Kavira akasimama akashuhudia, na mimi nikapiga vigelegele na wengine. Wiki chache baadaye nikamkuta sokoni hana usingizi machoni.

“Dawa unamezaka, Kavira?”

“Hapana, Mama. Nilishatoa ushuhuda. Nikimeza tena, njo naonyesha kama Mungu alisema bongo, ni muongo.”

Nilimsihi. Hakusikia. Ugonjwa ukarudi, jambo tunaloliita rechute, na ukamkuta katikati ya Meza ya Bwana. Alivua kilemba, akamfokea Mchungaji mbele ya watu wote. Vijana wa protokole, wale wanaopokea watu mlangoni, wakambeba nje. Nilikaa naye kwenye majani mpaka alipotulia, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama bado yuko kwenye kwaya.

Hakuwa na hakika, wala mimi. Baraza la wazee liliitwa ili kumtoa kwenye kwaya. Nikaomba ruhusa ya kuingia. Kusema kweli, sikuingoja.

“Mama Infirmière,” mzee mmoja akasema, “ule mama alipona mbele ya kanisa yote. Kama amegonjwa tena, ni zambi iliingia.”

Nikamgeukia Mchungaji.

“Papa Pasteur, ku sikukuu ya mavuno weye mwenyewe ulileta viazi, ukashukuru Mungu. Nani alikukataza kulima tena? Kavira naye alishukuru, na dawa njo jembe yake.”

Mchungaji alinitazama, halafu akacheka kidogo. “Mama, unanipiga na viazi yangu mwenyewe.” Kisha akaacha kucheka. “Lakini akipiga kelele tena mu ibada?”

“Atapiga. Batoto banaliaka mu ibada kila dimanche, na hatubafukuze.”

Wazee walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Mchungaji akasema Kavira atarudi kwenye banc yake, na yeye mwenyewe atakwenda kumwambia ameze dawa. Wawili hawakukubali, na mmoja hanisalimu hadi leo. Sawa tu.

Kazi ndiyo ikaanza. Nilimfundisha kiongozi wa kwaya dalili: kukosa usingizi, kuacha kuoga, kujibu bila kuulizwa. Kavira aliugua tena, msimu wa mvua. Safari hii wenzake walimwona mapema wakamleta kwangu, na Mchungaji akaja kumwombea palepale kituoni, vidonge vikiwa mezani. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilipostaafu kanisa lilinifanyia ibada ya shukrani. Kavira akaomba neno.

“Niko mugonjwa ya kichwa,” akasema. “Namezaka dawa kila siku. Mungu iko na miye, na niko mu soprano.”

Nyimbo zetu zote za ushuhuda ni za waliopona, hakuna aliyejua aanzishe upi. Kiongozi wa kwaya akasogea, akapigapiga mahali patupu pembeni yake. “Kuya ukae, tuimbe.” Wakaimba wimbo wa ratiba, wa kawaida kabisa, na mimi nikalia bila aibu.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii, msiogope kanisa, na msiliache peke yake. Watu bado wananiuliza kama Kavira alipona. Ninawaambia yuko banc ya mbele, njooni mumsikilize.