Mhandisi Aliyeituliza Mashine ya Chanjo

Nilikuwa sokoni Kitengela nilipopata habari kwamba jirani yangu wa Noonkopir, mama aliyekuwa akichora saketi za kompyuta kwenye meza yake ya chakula, ametutoka baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wasomaji wangu wengi hawakumjua. Hata hapa mtaani, wengi walidhani anarekebisha redio.

Nilimfahamu vyema siku aliponiomba nimsindikize hadi zahanati moja huko ndani Kajiado. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza kifaa cha kupima baridi ya friji ya chanjo na kuhifadhi vipimo hivyo. Lakini kila mota ya friji ilipowaka, kumbukumbu ya kifaa ilivurugika, na bila vipimo vya kuaminika muuguzi hakuthubutu kuchanja, kwani chanjo ikipata joto huharibika. "Mashine yenu inasahau," alituambia, akielekeza macho kwa akina mama waliokuwa nje na watoto wao mgongoni. "Hawa wametoka mbali. Sasa niwaambie nini?" Mmoja wa wale waliotengeneza naye kifaa akampigia mhandisi simu: "Si waizime tu halafu waiwashe? Bodi za saketi zishatoka kiwandani." Mhandisi akamjibu taratibu, "Hapo tutakuwa tumemnyamazisha mgonjwa, hatujamtibu. Tutazichora upya."

Na akazichora. Alinieleza kwamba vijia vya shaba vinavyopeleka habari kwenye kumbukumbu vilipita bega kwa bega na kile kinachowasha mota. Mota ikishtuka, umeme wake huvuka na kuvuruga habari hizo. Hiyo ndiyo kelele wanayoisema wahandisi, ingawa sikio haliisikii. Akavitenganisha, akatandaza katikati shaba ya ardhi inayomeza kelele hiyo, akasogeza kapasita, kijisehemu kinachoweka akiba ya umeme, karibu kabisa na chipu ya kumbukumbu, ili umeme ukiyumba, chipu isitetereke. Tuliporudi zahanati na bodi mpya, friji iliwaka, ikazimika, ikawaka tena, vipimo havikupotea. Mama wa kwanza kuchanjiwa mtoto alimshika mkono, akamwambia kwa Kimaasai, "Ashe oleng." Asante sana. Mhandisi aligeuka kando, akapangusa macho.

Tuko na mazoea ya kuridhika kitu kikiwaka tu, iwe bodi, barabara au bomba la maji. Yeye hakuridhika. Nilipokwenda matangani, niliwakuta wasichana wawili aliowafundisha wameinamia mchoro wa bodi mpya. "Hapa kutakuwa na kelele," mmoja alisema. "Futa, anza tena." Mwenzake akaguna, kisha akafuta. Nikaondoka nikiamini kwamba kazi njema hairithiwi kwa kusifiwa. Hurithiwa kwa kufanywa.