Maharage ya Manchuria

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, theluji ikianguka polepole huku Maplewood, Marekani, kana kwamba dunia imesahau kelele zake. Nilikuwa msichana bado, nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilikuwa nikimkata kucha Mzee Kenji, Mjapani aliyehamia huku baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na moyo wangu ulikuwa ukicheka. Kaka yangu alikuwa amenipigia simu kutoka nyumbani Kenya: watu wetu wamewafukuza majirani wa ng'ambo ya mto, naye amegawiwa shamba lao. Nikamsimulia mzee kwa furaha. Nikamwambia shamba lile sasa ni tupu.

Akauondoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu.

Kisha akaanza kuongea huku akitazama dirishani, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayeota. Utotoni mwake, kila mara jeshi la Japani lilipouteka mji mmoja wa Uchina, mwanafunzi mmoja aliitwa mbele kuchomeka kibendera kwenye ramani ya darasa. Siku yake ilipofika alirudi nyumbani kama anayeelea kwa furaha. Wanajeshi walikuwa wameishika serikali. Mwalimu mmoja aliuliza swali, hakuonekana tena. Ndipo baba yake akaahidiwa ardhi Manchuria, kaskazini mwa Uchina, nchi ambayo Wajapani waliwapora Wachina. Wakaambiwa haina mwenyewe.

“Tulikuta maharage yameshapaliliwa,” akasema. “Tukayala. Yalikuwa matamu, binti. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.”

Vita vilipowageukia, jeshi lilitangulia kukimbia, likawaacha wakulima nyuma. Dada yake mdogo alifia njiani. Yeye mwenyewe aliokolewa na mama mmoja wa Kichina aliyempa uji, bila kumuuliza ni mtoto wa nani.

Nilimaliza kucha zake. Kesho yake nikampigia kaka, nikamsihi alikatae shamba. Akanikatia simu, na kwa miaka saba hatukusemezana. Analilima hadi leo. Sikuweza kumgeuza, mwanangu, nami sitakudanganya kwamba niliweza.

Wewe unanijibu kwa Kiingereza, lakini najua unanielewa. Basi sikia. Wakikwambia ukuu wa watu wako unataka nchi ya wengine, uliza ni nani atakayehamishwa, na uliza mapema, kuuliza kungali kunaruhusiwa. Furaha ya namna hiyo ikikujia, iogope.

Mungu akupe usingizi wa mtu asiyemdhulumu jirani yake, na popote utakapojenga, akujalie kupokelewa kwa amani.